Kisa cha M. Katika Kitabu cha Zagorka

Niš, huku kusini mwa Serbia, ni mji ambao mtu akipiga chafya mtaa wa Palilula, wa mtaa wa Pantelej anamwombea afya, na kabla hajafuta pua mama mkwe wake kijijini ameshajua anywe dawa gani. Sasa katika mji kama huo, mwanamke msomi, profesa mzima, akaandika kitabu na kumficha mtu humo kwa herufi moja. M. Basi. Akalala usingizi wake akiamini amemficha. Jamani! Zagorka Mladenović alijua mambo mengi kuhusu wezi, mahakimu na magereza, lakini mji wake mwenyewe aliusahau.

Tusimwonee, hata hivyo. Alikuwa mtu wa kazi.

Baba yake alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli. Treni ikija anateremsha kizuizi, ikipita anakiinua. Zagorka alikulia kwenye kibanda kile cha matofali akitazama watu wanavyosimama kusubiri, wengine wakimtukana baba yake kana kwamba treni ni mali yake. Alikuwa na kichwa chepesi. Akaenda Belgrade kusoma sheria, akarudi na shahada, na kila mtu akajua kwamba hakimu kapatikana. Yeye akaomba kufundisha elimu ya adhabu chuoni: mtu akishahukumiwa na watu wakaenda zao nyumbani, yeye anapatwa na nini?

Mama yake alilia machozi ya kweli. "Wenzako wanavaa joho, wewe unakwenda kukaa na wezi kwa hiari yako! Nani atakuoa?"

"Mama, hakimu anamwona mtu nusu saa, halafu kwaheri. Lazima awepo wa kumwona baada ya hapo."

"Na lazima awe wa kwangu?"

Aliolewa, mama apoe, na mwalimu wa hesabu mpole ambaye alifariki mapema. Watoto hawakujaliwa. Ikabaki kazi.

Siku ya kwanza alipofika gerezani, mlinzi wa getini alimpima kuanzia viatu mpaka nywele. "Dada, soko la mboga liko upande ule." Zagorka akaketi kwenye benchi. Kesho yake akarudi, akaketi tena. Mwishowe mkuu wa gereza alichoka kumwona, akampa chumba chenye meza na viti viwili, akitumaini atapata baridi akimbie. Hakukimbia. Alileta jiko dogo la umeme na birika la shaba, akaanza kupika kahawa.

Hiyo kahawa ndiyo ilikuwa ufundi wake. Alimmiminia mfungwa kikombe, akajimiminia na yeye, halafu hasemi neno mpaka mashapo yazame chini. Kahawa yetu ukiikimbilia unakula udongo, kila mtu anajua, kwa hiyo hata jambazi mkubwa ilibidi akae asubiri. Na mtu akisubiri kahawa itulie, na yeye anatulia. "Swali la kwanza," aliwafundisha wanafunzi wake, "ni sukari vijiko vingapi. La pili msiulize. Litakuja lenyewe." Walicheka, wakaandika. Waliomsikiliza kweli walikuja kuwa watafiti wazuri.

Kisha akawafuata watu wale baada ya kutoka. Hakuwafuata kwa barua na fomu, aliwafuata kwa miguu yake, mpaka majikoni kwao. Alikaa na wake zao wakichoma pilipili za msimu wa vuli, akala achari za kila ukoo, akasikiliza mama akimtukana mwanawe na kumpakulia sahani wakati huohuo. Huko ndiko alikopata lile jambo lililompa jina. Kinachomrudisha mtu gerezani, au kumzuia, si woga, wala si kazi peke yake. Ni mlango wa kwanza. Mtu anatoka na mfuko wake wa plastiki, anabisha mahali. Wanamfungulia, au hawamfungulii? Aliyefunguliwa, mara nyingi hakurudi tena ndani. Wanafunzi wakambatiza Mama Mlango, naye alijifanya hajui.

Kitabu chake kikawa ndicho cha kufundishia. Nusu ya mahakimu wa kusini walikisoma wakiwa vijana. Na sura ya mwisho, ile iliyopendwa kuliko zote kwa sababu ndiyo pekee iliyochekesha, ilikuwa kisa cha M.

M., kilisema kitabu, ni fundi wa vitasa, mfuga njiwa, kidole chake kimoja cha kushoto kimekatika ncha. Alifungwa kwa kufungua maduka ya watu bila kung'oa hata msumari. Siku aliyotoka ilikuwa slava ya kwao, sikukuu ya Mtakatifu Luka, mlinzi wa ukoo wao. Siku ya slava mwenye nyumba haaliki mtu na hafukuzi mtu. Anayekuja anaketi na kula. Basi baba yake M. akampokea, M. akaketi na wageni, akala akashiba, na usiku uleule akaenda kufungua duka la redio. Mlango ulifunguliwa, bado akarudi alikotoka. Na baada ya hapo tena, na tena. "Kuna mkono ambao hauponi," Zagorka aliandika, na sentensi hiyo ikampendeza akaiacha.

Ole wake nayo. Mahakimu waliisahau sura nzima ya milango wakaikumbuka hiyo. Mfungwa akiomba kutolewa kabla ya muda, mmoja anamnong'oneza mwenzake: "Huyu ni aina ya M." Wanacheka kidogo, wanapiga muhuri, jamaa anarudi kwenye kitanda chake.

Na huyo M. mwenyewe? Aliitwa Momir Cakić. Alioa, akapata binti, akaacha wizi kabisa, akafungua kibanda cha kuchonga funguo karibu na kituo cha mabasi. Kidole kifupi, njiwa darini. Mjini Niš! Si bora wangeweka picha yake kwenye jalada? Kitabu kilichapwa upya kila baada ya miaka michache, na humo Momir aliendelea kuiba mbele ya wanafunzi wapya, ilhali yeye ameketi kibandani anamchongea bibi wa watu ufunguo wa sanduku la barua.

Mwaka ambao Zagorka angestaafu, mtihani wa Septemba ulifanyika kama kawaida, kwa mdomo. Vikaratasi vya maswali vimepangwa kifudifudi juu ya kitambaa cha kijani, mwanafunzi anachagua vitatu, wenzake wamekaa nyuma wanasikiliza na kuomba Mungu. Sita ndiyo ya kupita, kumi ndiyo ya juu, tano umeanguka. Pembeni alikaa msaidizi wake, Vukašin, kijana mwembamba aliyeandika alama.

Akaingia msichana mrefu wa shati jeupe, Anđelija Ilić. Swali la kwanza alilijibu vizuri mpaka Zagorka akaacha kuchezea kalamu. La pili, vizuri zaidi. Alimkosoa mtungaji mmoja wa sheria kwa heshima na kwa haki. Zagorka moyoni akaanza kusema, huyu ndiye wa kumwachia kazi. Msichana akageuza karatasi ya tatu. Akaitazama. Akairudisha mezani.

"Haya, la tatu," alisema Zagorka.

"Sina la kusema, Profesa."

"Hujasoma?"

"Nimesoma."

"Basi sema unachokijua, mwanangu."

"Ninachokijua hakimo kitabuni."

Nyuma mtu akaguna. Na Zagorka, aliyewafundisha watu maisha yake yote kwamba kitabu ni kitabu na mtu ni mtu, akajibu: "Hapa tunajibu yaliyomo kitabuni."

"Basi sina."

Swali lililoachwa wazi ni tano. Kanuni ilikuwa yake mwenyewe, na hajawahi kuivunja kwa ajili ya mtu. Msichana akachukua daftari lake la alama, akashukuru, akatoka mgongo umenyooka.

Walipobaki wawili, Vukašin alianza kukusanya vikaratasi taratibu mno. "Profesa. Unajua yule ni nani?"

"Anđelija Ilić. Amenisikitisha sana."

"Ilić ni jina la mama yake. Walimpa hilo makusudi. Ni binti wa M."

"M. gani?"

"M. wako."

Zagorka alimtazama kama anayesubiri mwisho wa utani. "Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, Profesa, kila mtu anajua! Mpishi wa mgahawani anajua. Wenzake wanamwuliza kama baba yake anaweza kuwafungulia droo ya maswali."

"Na wewe hukuniambia?"

"Nilidhani unajua."

Hapo ndipo Zagorka alipoketi. Aliona aibu ya moto, ile ya kupanda shingoni, hajaiona tangu alipokuwa binti. Karatasi ya tatu ilikuwa bado mezani. Swali la kumi na tisa: Eleza kisa cha M. na sababu za kutopona kwake. Amemweka mtoto mbele ya watu amweleze baba yake hivyo, na aliponyamaza akampa tano.

Alimwandikia msichana aje arudie mtihani. Hakujibu. Akauliza ofisini, akaambiwa Anđelija amesimamisha masomo, huenda asirudi. Anauza burek, ile mikate ya kukunjwa yenye nyama au jibini, kwenye duka la mikate karibu na ngome. Zagorka akaenda.

"Ya nyama au ya jibini?" aliuliza Anđelija nyuma ya kaunta, kama hajawahi kumwona.

"Anđelija, mwanangu, nataka tuongee."

"Ya nyama au ya jibini, Profesa? Kuna foleni."

"Ya jibini."

"Na mtindi?"

"Na mtindi."

Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa. Mzee wa watu alikula burek siku kumi na kitu mfululizo, daktari wake angesikia angezimia. Alikuwa amerudi kwenye benchi lake la ujana, lile la getini. Siku moja mvua ilikuwa inanyesha, dukani hamna mtu. Anđelija alifunga burek kwenye karatasi, akaisukuma, akasema bila kuinua macho: "Sisi tunasherehekea Mtakatifu Luka."

Kwetu slava haialikwi, anayealika anamtusi mgeni na kumtusi mtakatifu. Unataja jina la mtakatifu wako, mwenye masikio amesikia.

Siku ya Mtakatifu Luka Zagorka alivaa koti lake jeusi, akabeba chupa ya mvinyo na pakiti ya kahawa, akapanda mtaa wa Momir kwa woga kuliko siku aliyotetea tasnifu yake. Njiwa walikuwa wanaguna darini. Alibisha. Akasikia viti vikivutwa ndani.

Mlango ukafunguliwa na Momir mwenyewe, shati limepigwa pasi, nywele nyeupe. Walitazamana. Angeweza kuufunga, na Zagorka alijua angestahili.

"Heri ya slava, mwenye nyumba," alisema.

Momir aliusukuma mlango mpaka ukagonga ukuta. "Karibu, Profesa. Hapa hafukuzwi mtu."

Mshumaa ulikuwa unawaka, mkate wa slava umekatwa, meza ndefu imetandikwa sahani kutoka ukuta hadi ukuta. Na viti vyote vitupu. Kwetu siku kama hiyo watu husukumana mlangoni, majirani, wafanyakazi wenzako, mpaka adui yako anapita kula. Kwa Momir walipita wawili watatu asubuhi, wakanywa wakiwa wamesimama. Slađana, mke wake, alipika kila mwaka kana kwamba wanakuja, na wiki nzima wakala wenyewe mabaki.

Slađana alileta sinia la ngano iliyochemshwa kwa sukari na karanga za jozi. Zagorka akasimama, akapiga ishara ya msalaba, akachota kijiko kimoja.

"Chota, chota," alisema Slađana. "Kitabuni uliandika jinsi wanavyokula kina Cakić, leo uonje."

"Slađana!" alisema Momir.

"Mwache," alisema Zagorka. "Ana haki."

"Najua ninayo, sijaomba ruhusa."

Anđelija alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imefungwa kifuani. Zagorka akamgeukia. "Nimekuja kukuomba radhi, na kukuomba urudi Januari. Ni mtihani wangu wa mwisho wa majira ya baridi. Usiiache shule kwa ajili yangu."

"Nirudi nijibu nini? Kwamba mkono wa baba yangu hauponi?"

"Nitabadilisha. Nitaondoa njiwa, kidole, mtu asimtambue tena..."

Slađana alitua sinia kwa kishindo. "Njiwa! Mnamsikia? Anadhani shida ni njiwa! Mwambie, Momir. Mwambie au namwambia mimi."

"Mama wee, leo ni siku ya mtakatifu," alisema Momir.

"Ndiyo! Si ndiyo siku yenyewe?"

Momir alikwenda kupika kahawa. Akarudi, akamimina vikombe viwili, chake na cha mgeni, akaketi. Zagorka alikishika kikombe, akasubiri mashapo yazame. Safari hii hakuwa anafanya ufundi wowote.

"Nilikudanganya," alisema Momir hatimaye. "Kile chumba chako cha baridi, kahawa nzuri. Ukaniuliza baba alinipokeaje. Nikakwambia, vizuri, tuliketi tukala. Ukaandika."

"Nikaandika," alisema Zagorka.

"Nilitoka nimevaa suti niliyoingia nayo, ya kiangazi, na ile Oktoba ilikuwa na baridi kali. Nilinunua keki. Nimefika getini, nasikia ndani wanaimba. Baba akatoka na mtungi anakwenda kuchota mvinyo. Akaniona. Akarudi ndani." Momir aliinua mkono, akazungusha vidole hewani, mara moja, na mara ya pili. "Nikasikia ufunguo. Siku ya slava."

Najua kwenu huenda mtu akasema, si mlango tu? Si mlango tu. Kwetu anafunguliwa aliyemwua ng'ombe wako. Anafunguliwa mlevi aliyemtukana mama yako harusini.

"Kile kitasa nilikiweka mimi, Profesa, nikiwa kijana, baba alijisifu nacho mtaa mzima. Ningekifungua kwa mpini wa hiki kijiko. Nilisimama nikakitazama. Wageni walipoanza kutoka nikajificha nyuma ya banda la njiwa wasinione na keki yangu. Kisha nikaenda kwenye duka la redio." Alinywa kahawa kidogo. "Redio sikuitaka. Nilitaka kufungua kitu."

Zagorka alikuwa analia, na hakujificha. Majikoni mwa watu wote alikaa, kwa wote aliuliza jirani, aliuliza shangazi, aliuliza mwenye duka. Kwa huyu mmoja hakwenda. Kwa nini aende? Mtu amesema baba alimpokea siku ya slava. Nani angelichunguza hilo? Hata yeye, msomi, alizaliwa hapahapa. Ilikuwa rahisi kwake kuamini mkono usiopona kuliko kuamini mlango wa slava uliofungwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambieje? Mwizi si jambo, wezi tele, mmoja zaidi si aibu. Lakini baba wa kufunga mlango siku ya slava, nitajie mwingine. Ningemfanya baba yangu awe wa kwanza?"

"Nitaandika upya," alisema Zagorka. "Sura nzima. Watu wote wajue."

"Hapana."

"Momir, kuna watu wananyimwa kutoka kwa sababu ya kisa chako. Mahakimu wanakitumia."

"Basi kiue hicho kisa. Lakini la baba usiliandike, wala usilitamke. Amekufa. Alikufa hajanisemesha, na mshumaa wake wa slava naubeba mimi." Alisogeza mbele yake sahani ya sarma, nyama iliyofungwa kwa majani ya kabichi. "Mzigo wa kitabu ni wako, Profesa. Wa marehemu niachie mimi. Sasa kula, maana mke wangu amepikia kikosi kizima."

Alikula. Mwishowe Anđelija alivuta kiti akaketi.

Majira yale ya baridi Zagorka alimwandikia mchapishaji sura ya mwisho iondolewe, na mahali pake iwekwe mistari miwili: kisa cha M. si sahihi, mwandishi hakuuliza ipasavyo. Kwenye semina ya mahakimu alisimama akasema vilevile. Hakimu mmoja mnene, mwanafunzi wake wa zamani, akanyoosha mkono.

"Kwani ilikuwaje hasa, Profesa?"

"Siwezi kusema."

"Sasa tutaamini vipi kwamba ulikosea?"

"Mbona mliamini vizuri tu nilipokosea?" alijibu Zagorka. Walicheka kwa adabu. Wakati wa chakula cha mchana aliwasikia wakinong'ona: masikini, amezeeka, ile ndiyo ilikuwa sura yake nzuri kuliko zote. Ilimwuma, nisiseme uongo. Mtu hapendi kuonekana amechakaa pale anapofanya jambo la maana kuliko yote aliyowahi kufanya.

Januari ikafika na theluji yake na moshi wake. Ukumbi wa mtihani ulijaa. Habari zilikuwa zimetembea, si nimewaambia kuhusu chafya? Anđelija aliingia na shati lilelile jeupe. Alichagua vikaratasi vitatu, akajibu vyote vitatu bila kukwama. Zagorka akanyoosha mkono kuchukua daftari lake la alama. Msichana hakulitoa.

"Profesa, swali la kumi na tisa liko wapi?"

"Limeondolewa."

"Mimi lilinifelisha. Nataka nisikie likijibiwa."

"Na nani?"

"Na wewe."

Vukašin alidondosha kalamu. Zagorka alimtazama yule mtoto machoni, akaelewa anapimwa, na kwamba haki ya kumpima anayo.

"Uliza," alisema.

"Kwa nini M. alirudi gerezani?"

Aliyaona yote: keki, suti ya kiangazi, vidole vikizunguka hewani mara mbili. Jibu zuri kuliko majibu yote aliyoyakusanya maishani, jibu ambalo lingemsafisha mbele ya ukumbi mzima na kurudisha kila sura ya kitabu chake mahali pake. Akavua miwani.

"Sijui," alisema.

Kijana mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Zagorka hakugeuka.

"Niliandika miaka yote hii kama mtu anayejua. Sijui."

Macho ya Anđelija yalijaa maji. Ukumbi mzima ni yeye peke yake aliyefahamu kwamba Profesa anajua.

"Basi hiyo ni tano, Profesa," alisema polepole.

"Ni tano," alikubali Zagorka. Akavaa miwani yake, akalivuta daftari la msichana, akaandika kumi.